Miadi ya daktari kwa video wakati Kiingereza kinapiga chenga: mwongozo kamili kwa wazee wetu walioko Marekani na sisi tunaowasaidia

Mama mkwe wangu alikaa jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, mimi nipo pembeni natafsiri. Dokta anauliza, mimi nageuza, mama anajibu "tumbo linaniuma kidogo", mimi napeleka kwa Kiingereza, dokta anaandika dawa ya gesi, dakika 12 tumemaliza na nikajiona nimefanya kazi ya maana kweli. Miezi mitatu baadaye akaenda kliniki nyingine, akapewa mkalimani mwanamke kwenye simu, mimi nikaambiwa nisubiri nje, na huko ndani ndo akasema kwamba alikuwa anatokwa damu, mama wa miaka 61 ambaye hedhi ilishakata siku nyingi. Angeniambiaje mimi, mkwe wake? Kila aliyelelewa kwetu anajua mkwe na mama mkwe wana mipaka yao. Wakampima, akatibiwa, yuko salama, lakini ile miezi mitatu inaniuma mpaka leo kwa sababu aliyesimama katikati yake na dokta nilikuwa mimi.

Tangu hapo siku za miadi sitafsiri tena. Ninachofanya ni kitu kingine na ndo mwongozo huu mzima: nahakikisha mkalimani wa kweli yumo kwenye simu kabla dokta hajaanza kuuliza. Mimi ni mtu wa Kigoma, naishi Louisville, Kentucky, na huku kwetu kuna Wakongo wengi waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Nakivale na Kakuma, kuna Warundi, Wakenya, Watanzania, na simu za "baba, njoo nisaidie na hii video ya dokta" hazikatiki. Nimeandika kwa ajili ya mzee mwenyewe kama anasoma, na kwa ajili ya mtoto, mjukuu, jirani au mtu wa kanisani au msikitini ambaye ndo huwa anaitwa.

Kwanza elewa: mkalimani ni haki, na ni bure

Nianze hapa maana watu wengi wanaomba kwa woga, kama wanaomba hisani. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inakataza sehemu yoyote inayopokea pesa za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na kumnyima mtu huduma kwa sababu hajui Kiingereza kunaingia humo. Halafu sheria ya afya ya 2010, ile wanayoiita Obamacare, kifungu cha 1557, ikakaza zaidi kwa upande wa hospitali, kliniki, maduka ya dawa na kampuni za bima. Kanuni mpya za kifungu hicho zilizotoka 2024 zimetaja waziwazi na huduma za simu na video, kwa hiyo kliniki haiwezi kusema "mkalimani tunaye ukija hapa, ila kwenye video hapana". Kama kliniki inapokea Medicaid au Medicare, yaani zile bima za serikali, na nyingi zinapokea, basi inahusika.

Kanuni hizohizo zinasema mambo mengine ambayo ukiyajua unapata nguvu ya kuongea. Hawaruhusiwi kukulazimisha uje na mtu wako wa kutafsiri. Hawaruhusiwi kukutoza. Mtoto mdogo hatakiwi kutumika kama mkalimani, isipokuwa ni dharura ya maisha na kwa muda tu wakati mkalimani anatafutwa. Hata ndugu mtu mzima, mgonjwa akitaka amtafsirie yeye, lile ombi linatakiwa litoke kwa mgonjwa mwenyewe, faraghani, mkalimani mwenye sifa akiwepo. Unaona kwanini. Mama mkwe wangu angeulizwa hivyo bila mimi kuwepo, angesema kweli yake siku ya kwanza.

Halafu hili nalisema kwa sababu limewatisha wengi. Machi 2025 Rais Trump alisaini amri ya kufanya Kiingereza lugha rasmi ya Marekani na akafuta amri ya Clinton ya mwaka 2000 kuhusu huduma za lugha, basi kwenye magrupu ya WhatsApp ikasambaa kwamba wakalimani hospitali wamefutwa. Hapana. Amri ya rais haifuti sheria iliyopitishwa na Bunge, na hizo mbili za 1964 na 2010 bado zipo. Endelea kuomba.

Hatua ya 1: Lugha iandikwe kwenye faili, tena iandikwe vizuri

Hii ndo hatua inayorukwa na ndo inayoharibu zote zinazofuata. Kwenye faili la mgonjwa kuna sehemu ya lugha anayopendelea na sehemu ya kama anahitaji mkalimani. Ni vitu viwili tofauti. Nimeona faili limeandikwa lugha Swahili lakini pale kwenye mkalimani pameandikwa hapana, kwa sababu siku ya kwanza mzee aliulizwa "unaongea Kiingereza?" akajibu "yesi" kwa heshima tu, na ikabaki hivyo miaka miwili. Piga simu kliniki, uliza hayo mawili yameandikwaje, na kama yamekosewa warekebishe ukiwa bado kwenye laini.

Na Kiswahili gani? Usiseme Kiswahili ni Kiswahili tu. Mtu wa Uvira na mtu wa Lamu wanaelewana sokoni, lakini kwenye ugonjwa maneno yanagongana. Mkongo akisema anataka kuonana na mganga anamaanisha daktari, Mtanzania akisikia mganga anawaza wa kienyeji. Presha kwa wengine ni tansio. Na wote tunasema "nasikia": nasikia kizunguzungu, nasikia moto kwenye nyayo, na mkalimani asiyezoea ataligeuza hilo "nasikia" liwe la masikio. Kwa hiyo kama mzee anatoka Kongo, omba faili liandikwe Kiswahili cha Kongo, kampuni nyingi za wakalimani zinaweza kuchagua. Na kama lugha ya moyoni ni Kibembe, Kifuliru, Kirundi au Kinyarwanda, sema hivyo, na Kiswahili kiwekwe kama cha pili. Wapo wazee wanaoitikia Kiswahili kwa adabu tu huku nusu inawapita. Angalia pia wasimpe mkalimani wa Kifaransa kwa sababu tu faili linasema Kongo, hiyo nimeikuta zaidi ya mara moja.

Kama mgonjwa anapendelea mwanamke au mwanaume, ombeni na hilo liandikwe. Hawawezi kuahidi kila siku, ila wasipojua hawatajaribu kabisa.

Hatua ya 2: Kupiga simu kupanga miadi, hata kama hujui neno

Ukipiga unakutana na mashine: bonyeza moja, bonyeza mbili kwa Kihispania, Kiswahili hakipo. Wengi wanakata hapo. Usikate. Subiri bila kubonyeza, au bonyeza sifuri, mara nyingi utafika kwa mtu. Akipokea sema maneno matatu tu, nimeyaandika kama yanavyotamkwa ili mzee ayasome yalivyo: "Swahili intapreta, plizi." Kisha nyamaza. Akiendelea kuongea, rudia yaleyale. Usijaribu kujieleza kwa Kiingereza cha kuokoteza, maana akisikia unajitahidi ataona mnaelewana na mkalimani haji. Watakuweka kwenye laini, muziki utalia dakika kadhaa, atakuja mkalimani na atataja namba yake. Iandike hiyo namba, kukiwa na kosa baadaye ndo ushahidi.

Mkalimani akiwepo, uliza haya: miadi ni ya video au ya simu ya kawaida au ya kwenda? Kama ni video, mkalimani ataingiaje, yaani kliniki ndo inamuita au mgonjwa ndo anatakiwa kubonyeza kitu? Muda wameweka dakika ngapi? Omba mrefu zaidi, kila sentensi inasemwa mara mbili, kwa hiyo dakika 15 zinabaki saba. Na namba ipi watapiga video ikikatika?

Una haki ya kusema unataka kwenda mwenyewe kliniki pia. Video isiwe lazima kwa mzee anayetetemeka mikono.

Sasa saa. Jirani yangu mmoja alipangiwa 8:30 asubuhi, kijana wake akamwambia "saa nane na nusu", basi mzee akaoga, akavaa shati zuri, akakaa mbele ya simu saa nane na nusu mchana, kliniki ilishamwandika hakutokea. Kwa saa zetu 8:30 asubuhi ni saa mbili na nusu, na kuna wazee wanaohesabu hivi na wapo wanaohesabu kama Wazungu. Usiulize anahesabuje, andika tu kwenye karatasi tarakimu kama zinavyoonekana kwenye simu yake, 8:30 AM, chora na jua kwa asubuhi, kisha weka alamu. Na tarehe: huku mwezi unatangulia, 4/7 ni Aprili 7, siyo Julai 4.

Hatua ya 3: Simu, bando na ile linki

Simu ya kisasa yoyote yenye kamera inatosha, tatizo huwa ni bando. Video inakula sana. Kama nyumbani hakuna waifai, jaribu maktaba ya mtaa, baadhi zina vyumba vidogo vya kufunga mlango na nyingine zinaazimisha vifaa vya intaneti vya kupeleka nyumbani. Kuna mpango wa serikali unaitwa Lifeline, unapunguza mpaka dola 9.25 kwa mwezi kwenye bili ya simu au intaneti, na mwenye Medicaid au SNAP (ule msaada wa chakula) anakidhi, mmoja kwa kila kaya. Ule mwingine wa dola 30 kwa mwezi uliisha 2024, kwa hiyo mtu akikupigia leo anasema anakuandikisha kwenye huo, huyo ni tapeli.

Hapo kwenye utapeli ndo kuna mkanganyiko mwingine. Tumewafundisha wazee wasipokee namba wasiyoijua na wasibonyeze linki yoyote, na wametusikia. Halafu kliniki inapiga kwa namba iliyofichwa na kutuma linki kwa Kiingereza. Mzee hapokei, hafungui, anaandikwa hakutokea. Dawa yake: uliza kliniki watatumia namba zipi, zisevu zote kwa jina lenye picha, kwa mfano picha ya mlango wa kliniki yenyewe, na mwambie mzee kwamba siku ya miadi, saa moja kabla na saa moja baada, apokee kila simu. Siku nyingine aendelee na msimamo wake.

Kama kliniki inatumia MyChart au akaunti nyingine ya aina hiyo, tengenezeni mkiwa mmekaa pamoja siyo siku ya miadi. Kiswahili mle ndani usitegemee kukikuta. Usijifanye mzee kwa kuingia na pasiwedi yake. Omba fomu ya kumruhusu mtu mwingine kuingia kwa jina lake mwenyewe, hospitali nyingi wanayo, mzee anasaini na anachagua unaona nini. Na umuulize kweli, bila kumsukuma. Wapo wazazi wasiotaka watoto waone majibu ya vipimo vyao na hiyo ni sawa kabisa. Kama hataki akaunti, uliza kama linki inaweza kuja kwa meseji tu bila akaunti. Sehemu nyingi inawezekana, hawasemi mpaka uulize.

Hatua ya 4: Jioni ya siku moja kabla

Piga simu kliniki, ulizia jambo moja tu: mkalimani ameshawekwa kwenye miadi ya kesho? Dakika tano hizi zimeniokolea miadi nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Kisha fanyeni mazoezi. Mpigie mzee video ya WhatsApp kutoka chumba kingine, aone jinsi ya kuegemeza simu, asiishike mkononi, uso uonekane, dirisha liwe mbele yake siyo nyuma. Kopo la sukari linafaa sana. Onyesha kitufe cha sauti na cha kamera, ile alama yenye mstari mwekundu maana yake umejifungia. Kwenye simu siku hiyo kutakuwa na sauti mbili, ya dokta na ya mkalimani, mzee ajue kwamba mkalimani anaweza asionekane, ni sauti tu. Mama mkwe mara ya kwanza aliniuliza "huyu mtu amejificha wapi?"

Chukua karatasi moja, siyo daftari. Juu andika mambo matatu anayotaka kusema, kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, na lile kubwa lianze. Wazee wetu wana tabia ya kuanza na salamu na kidogo kidogo, na lile lenyewe linakuja mlangoni wakati wa kuaga, sasa kwenye video hakuna mlango, dokta anabonyeza na anapotea. Weka dawa zote mezani kwenye makopo yake, na za kienyeji pia, mwarobaini, mlonge, hata zile zilizotumwa kutoka nyumbani. Dokta hatakasirika, anahitaji kujua visije kugombana na dawa alizoandika.

Kama mna mashine za kupimia nyumbani, pimeni na kuandika, lakini angalia vipimo vyenyewe. Huku homa wanapima kwa Fahrenheit, 100.4 ndo sawa na 38 yetu. Uzito ni paundi, kilo moja ni paundi 2.2. Sukari ndo hatari zaidi: mashine nyingi za kwetu zinasoma 7 au 9, za Marekani zinasoma 126 au 162, ni kitu kilekile, unazidisha kwa 18. Mzee mwenye mashine aliyotumiwa kutoka Dar akimwambia dokta "leo ni tisa", dokta anaweza kushtuka au asielewe kabisa. Mwonyesheni mashine kwenye kamera.

Hatua ya 5: Dakika za mwanzo kwenye simu

Kabla ya dokta huingia nesi, na maswali yake yanatisha kama hujajiandaa. Anauliza jina na tarehe ya kuzaliwa. Wengi waliopita kambini wameandikishwa Januari 1, na mzee akiulizwa ghafla anasema tarehe ile mama yake aliyomwambia, faili linakataa, wanasumbuana. Kwenye simu ya kliniki ni tarehe ya kwenye kitambulisho, mwezi kwanza.

Halafu anauliza: uko wapi sasa hivi, upo kwenye anwani gani? Hapa nimeona mzee akikata simu akidhani ni uhamiaji. Sababu ni mbili na zote ni za kawaida. Moja, ukianguka ukiwa kwenye video wajue wapi pa kutuma ambulensi. Mbili, kwa kawaida dokta anatakiwa awe na leseni ya jimbo ulilopo wewe wakati huo, siyo ulipoandikishwa. Hii inawahusu sana vijana wetu wa malori, yaani una miadi Kentucky ila umeamkia Indiana, wanaweza kuiahirisha palepale, kwa hiyo ulizia mapema. Na tafadhali simamisha gari, usiongee na dokta huku unaendesha.

Sasa lile kubwa. Dokta akiingia na mkalimani hayupo, mzee aseme maneno yake matatu, "Swahili intapreta, plizi", na asijibu swali lolote la ugonjwa mpaka sauti ya Kiswahili isikike. Watamwambia "mwanao si yupo hapo?" Wewe msaidizi ndo unatakiwa kuwa mgumu hapa, najua ni ngumu maana unataka kumaliza urudi kazini, lakini sema wazi kwamba wewe ni ndugu tu na mama anahitaji mkalimani mwenye sifa. Kama mfumo wao wa video unakataa kumwingiza mtu wa tatu, kuna njia rahisi: dokta apige laini ya wakalimani kwa simu ya mezani, aweke spika karibu na kompyuta yake. Haipendezi lakini inafanya kazi. Ikishindikana kabisa mgeuze iwe simu ya watu watatu bila video.

Mkalimani akiingia mzee amsikilize kwa sentensi mbili tatu. Kama hawaelewani, lahaja imepishana au laini inakwaruza, aseme "simuelewi" na mwingine aletwe. Siyo kumkosea heshima mtu. Wakati ni sasa, siyo dakika ya 14.

Na kama mkalimani unamfahamu? Jumuiya zetu ni ndogo, inatokea ukasikia sauti ya mtu mnayesali naye. Mkalimani amefungwa na siri, lakini bado mgonjwa anaweza kuomba abadilishwe, na hatakiwi kutoa sababu.

Hatua ya 6: Kuongea kupitia mtu wa tatu

Mzee amwangalie dokta, siyo wewe. Aseme sentensi moja au mbili kisha asubiri. Mkalimani ataongea kama yeye ndo mgonjwa, "naumwa mgongo", ndo kazi ilivyo. Na atatafsiri kila kitu kinachosemwa, hata ukimnong'oneza mama "usimwambie hilo", itaenda kwa Kiingereza.

Wewe msaidizi mwachie mgonjwa nafasi. Mwanzoni mwambie dokta kupitia mkalimani kwamba utatoka dakika chache mgonjwa abaki peke yake, kisha toka kweli, nenda kibarazani. Nafanya hivyo kila mara sasa, kwa mama, kwa mjomba, kwa kila mtu, ili isionekane kuna anayefichwa kitu.

Mfundishe mzee aonyeshe kwa mkono. Neno "tumbo" kwetu linabeba kuanzia mbavuni mpaka kwenye kizazi, "mguu" unaanzia nyongani, na "moyo unauma" inaweza kuwa huzuni. Asimame, aweke kidole panapouma, kamera ione. Aseme imeanza lini kwa tukio kama tarehe hakumbuki, tangu Pasaka, tangu Ramadhani. Na asiitikie "ndiyo" kwa kitu asichokielewa. Najua hiyo ni adabu yetu, mkubwa akiongea unaitikia, lakini dokta anachukua ile ndiyo kama ameelewa na anaendelea mbele.

Hatua ya 7: Kabla hamjakata

Mzee arudie kwa maneno yake: dawa gani, mara ngapi, mpaka lini, na dalili gani ikitokea aende hospitali. Madokta wazuri wanaomba hilo wenyewe, asipoomba, mzee aseme "ngoja nirudie nione kama nimeelewa". Hapo ndo utakuta "kila masaa nane" imesikika kama saa nane. Mkalimani akiwa bado yupo, ombeni karatasi ya maelekezo itafsiriwe Kiswahili, na kama wanaigeuza kwa mashine, kanuni zile za 2024 zinataka mtafsiri binadamu aipitie pale makosa yanapoweza kumdhuru mtu. Google ya kwenye simu yako tumia kujua barua inahusu nini, usitumie kujua dozi.

Duka la dawa nalo lina wajibu uleule. Pale dirishani mzee aseme maneno yake matatu, wanapiga simu, mkalimani anaeleza dawa. Wengi hawajui, wanachukua kifuko na kwenda.

Mambo yakikwama

Video ikikatika, kaa karibu na simu dakika 15, kisha piga wewe. Ukiandikwa hukutokea wakati ulikuwepo, piga picha ya skrini yenye saa uwaonyeshe.

Mkinyimwa mkalimani, anza na msimamizi wa kliniki, halafu uliza ofisi ya malalamiko ya wagonjwa. Isiposaidia, wizara ya afya ya Marekani ina ofisi ya haki za kiraia, namba ni 1-800-368-1019, unaomba mkalimani hukohuko, na malalamiko yapelekwe ndani ya siku 180. Andika siku, saa, kilichosemwa, na jina la aliyesema kama alilitaja.

Kifua kubana, uso kupinda upande mmoja, mkono kuishiwa nguvu ghafla, damu nyingi, mjamzito mtoto kaacha kucheza: hiyo siyo ya video. Piga 911, taja anwani, sema "Swahili", usikate.

Kwa ndugu zetu mnaofanya kazi kliniki

Wengi wenu mpo, wasaidizi wa manesi, watu wa mapokezi, na mnaweza kufanya kitu ambacho sisi hatuwezi. Mwambieni msimamizi linki ya mkalimani iwekwe kwenye miadi siku inapopangwa, siyo dokta aanze kuitafuta wakati mgonjwa anasubiri. Simu ya kukumbusha ipigwe kwa Kiswahili, kwa sauti, maana wapo wazee wasiosoma lugha yoyote na meseji haiwafai. Na mkiombwa kutafsiri korido kwa sababu tu mnaongea lugha, ulizeni kwanza kama mmepimwa na kuidhinishwa kwa kazi hiyo. Kosa likitokea mtaulizwa ninyi.

Hatua ya 8: Rufaa

Hii nimeiweka mwisho kwa sababu inakuja watu wakiwa wameshashusha pumzi. Dokta akikutuma kwa mtaalamu wa macho, figo au moyo, mara nyingi ile taarifa ya lugha haiendi pamoja na rufaa, au inaenda na mtu haisomi. Huko kwingine faili ni jipya na linaanza na Kiingereza. Siku ileile rufaa inapotoka, piga huko inakoenda, rudi hatua ya kwanza: lugha gani, mkalimani ndiyo, mwanamke au mwanaume, namba gani watapiga. Mama mkwe sasa ana karatasi yenye hayo yote kwenye mlango wa friji, na safari hii ya mwisho alipiga yeye mwenyewe, mimi nikiwa kazini.